Mikono Iliyoshika Pazia

Kwa Mwikali, mwanangu,

Salamu za kukuuliza kama u mzima siziandiki, kwa sababu nakusikia huko uani ukifua na kuimba vibaya. Nimefunga studio mapema. Ni Ijumaa, watu wako msikitini, na hakuna anayepiga picha saa hii. Kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi kwenda kuanza kazi ya picha kwenye gazeti, na barua hii utaikuta ndani ya bahasha ya kaki chini ya sweta zako, pamoja na kitu kingine nitakachokieleza mwishoni. Naomba usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua utakifungua.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango kwa komeo, kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, nimeyasema mpaka juzi ukaniwahi ukayamalizia mwenyewe kwa sauti yangu. Hayo yamekwisha. Nataka kukuandikia habari ya ile picha.

Wiki jana uliiweka mezani nikiwa nakula. Ile ya veranda ya benki. Mtu amelala amejifunika gunia, uso hauonekani, huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke, na mbele yake miguu ya watu wanaopita. Miguu tu, umekata chini ya magoti. Ukaniuliza, "Mama, unaionaje?" Nami nikaigeuza ikalala kifudifudi, nikaendelea na wali wangu. Ulichukua picha yako ukaenda chumbani, na tangu siku hiyo unaniita "mama" kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwalimu mkuu.

Picha ni nzuri, Mwikali. Mwanga umeutega vizuri kuliko ninavyoutega mimi siku hizi. Baba yako angeitundika dirishani na kumsumbua kila mteja aitazame. Niliigeuza kwa sababu ya miguu ya tatu kutoka kushoto. Ndara za bluu, ya kulia imeshonwa kwa uzi mweusi. Uliishona wewe mwenyewe hiyo ndara. Sijui kama uliitambua ulipokuwa ukisafisha picha, au kama uliitambua ndiyo maana ukaileta mezani. Kama uliileta makusudi, una haki. Kama hukuitambua, basi sasa umejua. Nilipita pale. Nimejaribu kukumbuka nikashindwa kabisa. Simkumbuki mtu, silikumbuki gunia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa naenda kununua betri za flashi na jua lilikuwa kali.

Siku nyingine uliniuliza kwa nini watu hawawaoni wanaolala kwenye veranda. Nilikujibu kwamba kila mtu ana shida zake. Lilikuwa jibu la kivivu, la mtu anayetaka kulala. Jibu la kweli ninalo, ila ni langu peke yangu, sijui la wengine. Mimi nilijifunza kutoona. Nilijifunzia kazini, polepole, na nikawa fundi.

Unamkumbuka Ayeyo. Wewe ndiye uliyemwita hivyo, yaani bibi, kwa Kisomali chako cha uwanja wa shule. Sisi wengine hapa barabarani tulimwita Mama Pazia, naye akisema "Mama Bazia", na sote tukicheka, yeye zaidi. Alikuja mwaka ule wa ukame, mifugo ilipokwisha huko juu na watu wakaanza kushuka kwa malori kutoka Wajir na Mandera, wakiwa na sufuria, mikeka na watoto, bila mnyama hata mmoja. Wengine walijenga vibanda vya matawi na magunia pembeni mwa mji huu wa Garissa, kwenye hizi bulla zetu, vitongoji ambavyo kila ukame unaviongeza. Wengine walilala kwenye veranda za maduka. Yeye aliichagua yetu.

Baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Ndugu zangu wa Kitui waliniandikia nirudi nyumbani, nikaacha kurudi kwa sababu ya ukaidi na kwa sababu kazi ilikuwepo. Unajua ni kazi gani. Picha ya kipande, yaani ya kitambulisho, inataka uso wote, na wakati ule walitaka hata masikio yaonekane, na mwanamke wa hapa hawezi kusogeza mtandio wake mbele ya mwanamume asiyemhusu. Baba yako alikuwa anawapoteza wateja hao wote. Mimi walinijia. Walikuja kutoka Masalani, kutoka Modogashe, wengine wakiletwa na waume zao ambao niliwaamuru wangojee ng'ambo ya barabara, wakatii.

Siku ya kwanza nilimkuta asubuhi amekaa chini ya ile kamera ambayo baba yako aliichora ukutani kwa rangi nyeusi. Alikuwa na jerikeni ya njano na mkeka. Nilimsalimu kwa Kisomali changu cha sokoni, akaitikia, na Kisomali changu kikaishia hapo. Nikamuuliza kwa Kiswahili anakaa wapi. Akafikiri kidogo, akasema, "Bulle nakuja."

Umekulia hapa, unajua kwamba huku kwetu "nakuja" ni ya kila mtu. Mimi nakuja, yeye nakuja, lori nakuja, mvua nakuja. Mimi nilisikia bulla. Nilielewa kwamba anatoka bulla, kwamba ana kibanda chake huko pembeni na mjini anafuata kivuli. Nikasema, "Aa, bulla." Akaitika kwa kichwa, uso umemkunjuka. "Bulle, Bulle." Tukawa tumeelewana. Nikafungua mlango nikaanza kazi.

Jibu lile lilinifaa kuliko nilivyotaka kujua. Mtu mwenye kwake hakuhusu. Kila nilipofunga jioni nikamwacha amekaa pale, nilijiambia atakwenda kwake giza likiingia. Kila nilipofungua asubuhi nikamkuta, nilijiambia amewahi. Miaka mitatu, mwanangu, aliwahi kuliko mimi kila siku, na sikujiuliza mzee kama yule anatembeaje kutoka bulla kabla ya adhana ya alfajiri.

Habari ya pazia unaijua nusu. Ndani ya studio kulikuwa na joto la kuoka mkate, na umeme ulikuwa unakuja unapotaka wenyewe, kwa hiyo picha za kipande nilizipigia verandani, pale kwenye kivuli ambapo mwanga ni laini. Tatizo lilikuwa barabara. Nilikuwa nimefunga shuka kwenye kamba, na upepo wa saa nne ukija shuka linaruka, mteja anapiga kelele na kujifunika, filamu imepotea. Siku moja upepo ulipolichukua, Ayeyo aliinuka akalidaka, akalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, akasimama hivyo mpaka nikamaliza. Mteja akamshukuru. Mimi nadhani nilisema, "Asante, mama," huku nikizungusha filamu.

Baada ya hapo ikawa kazi yake. Sikumwajiri, sikumwomba. Mwanamke akiingia tu verandani, Ayeyo alikuwa amesimama na shuka. Aliwasemesha, akawatuliza, wale walioogopa kamera akawachekesha. Nilimpa chai saa nne na chakula mchana, nami nikajiona mtu mwema. Kumbe ndiye aliyekuwa akinifungulia riziki. Wateja waliambiana kwamba pale kwa yule Mkamba kuna mama mmoja wa kwetu anakusitiri.

Jina lake sikumuuliza. Nilikuwa na la kumwita.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana na wewe unaiingia. Tuna neno letu, kusafisha. Tunasafisha filamu, tunasafisha picha, na mteja naye anauliza, "Umesafisha?" Mimi nilisafisha kwelikweli. Katika kila negativu ya veranda kulikuwa na kitu cha Ayeyo pembeni: vidole vilivyoshika upindo wa shuka, kiwiko, jerikeni, unyayo. Mteja anataka uso wake tu, na ni haki yake. Kwa hiyo kule kwenye chumba cha giza nilikuwa nasogeza karatasi kidogo mpaka vile vidole viangukie nje ya picha. Nilifanya hivyo kila siku. Mwishowe sikuwa naviona hata kwenye negativu. Mkono wangu ulikuwa unasogeza karatasi wenyewe nami nikiwaza habari ya chakula cha jioni. Ndivyo nilivyojifunza. Sikufunzwa na moyo mbaya, nilifunzwa na kazi nzuri iliyofanywa haraka.

Ulipokwenda Form One ulikuwa ukiniandikia, "Msalimie Ayeyo." Likizo moja ukarudi ukakuta nafasi yake tupu. Nilikuambia amekwenda kwao. Ukauliza kwao wapi, nikasema bulla. Ukatoka na baiskeli ya Hassan jirani yetu ukazunguka bulla zote siku mbili, ukiuliza kwa Kisomali chako, ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikukaripia kwa kuchelewa. Leo nitakuambia ilivyokuwa.

Mwenye nyumba alitaka kupaka jengo rangi. Akapita kwa kila mpangaji akasema veranda ziwe safi, kila mtu azungumze na aliyekaa mlangoni kwake. Hakuwa mkali, aliomba kwa upole. Hassan wa duka la nguo alizungumza na vijana wawili waliokuwa wanalala kwake. Mimi nilingoja siku mbili, nikiona vibaya. Siku ya tatu nilimwendea Ayeyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kumbembeleza, na sikuyahitaji hata moja. Nilimwambia, "Mama, sasa nenda bulla." Nikaonyesha kwa mkono, kule inakoanzia barabara ya Masalani, ambako kuna ile bulla niliyodhani ni yake.

Alinitazama. "Bulle?"

"Ndiyo, mama. Bulla."

"Bulle iko?"

"Iko," nikasema. "Iko kule. Nenda."

Mwikali, sijamwona mtu akifurahi hivyo. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akaniombea dua ndefu, machozi yakimtoka. Nilifikiri, huyu amechoka kukaa hapa, alikuwa anangoja ruhusa tu. Alikunja lile shuka vizuri akaliweka juu ya kiti. Akachukua jerikeni na mkeka akaenda upande ule nilioonyesha, karibu anakimbia. Nami nikashusha pumzi. Jambo lililoninyima usingizi siku mbili limekwisha kwa dakika mbili, bila ugomvi. Mchana ule nilipiga picha ya veranda ikiwa tupu, kwa ajili ya mwenye nyumba.

Mwaka uliofuata, wewe ukiwa shule, aliingia kijana mmoja studio. Labda alikuwa na miaka thelathini, mwembamba, mguu mmoja anauburuta. Nilidhani anataka picha ya kipande, nikaanza kutafuta kiti. Akasema hapana.

"Mama, mimi natafuta mzee yangu. Hooyo yangu, mama yangu. Watu nasema alikuwa nakaa hapa, kwa hii feranda."

Nikasema alikuwepo, ameondoka. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi naitwa Bulle."

Nilikuwa nimeshika flashi. Niliiweka chini. Sikuhitaji kufafanuliwa. Nilisikia sauti ya Ayeyo ikisema lile neno, mara zote alizolisema, asubuhi zote zile, na kila mara lilikuwa jina la mtu.

Alinieleza akiwa amesimama; sikukumbuka kumpa kiti. Walitoka Banissa. Mifugo ilipokwisha walibaki na ngamia wawili, yeye akaamua kuwavusha mpaka wa nchi akawauze ng'ambo, akampakia mama yake kwenye lori la Garissa. Zamani Bulle aliwahi kuwa utingo wa lori, akapigwa picha hapa na baba yako. "Nilimwambia, hooyo, shuka Garissa, tafuta nyumba iko na bicha ya kamera kwa ukuta. Yeye hajui kusoma, lakini kamera naona. Nikasema ngoja hapo, usitoke hapo, mimi nakuja." Huko ng'ambo vita vikamshika, "fita" ndivyo alivyosema, na risasi ikampata mguuni, na miaka ikapita. Aliporudi Banissa hakumkuta mtu.

Kwa hiyo hakuchagua kivuli chetu. Alikuwa ameambiwa angoje chini ya kamera, akangoja.

Nikamuuliza kama amempata. Akasema amepata kaburi. Dereva mmoja alimwambia, akalifuata mpaka Kotile. Lori lilimchukua mama yake barabarani akiwa anatembea kwa miguu, likamshusha kule, na wafugaji wa pale wakampokea. Walimpa nyumba ya mmoja wao, maziwa, mtoto wa kumchotea maji, nao wenyewe ukame ulikuwa haujawaacha na kitu. Alikaa kwao wiki chache, homa ikamshika, wakamzika kwa heshima zote.

"Watu ya Kotile nasema alikuwa na furaha," Bulle akasema. "Kila siku nasema ameambiwa Bulle iko njia hii. Mama, mimi sikuwa njia hii. Nani aliambia yeye?"

Nikasema, "Sijui."

Neno moja tu. Lilitoka kabla sijaliamua. Nimelifikiria kwa miaka mitatu na bado sijaona ni wapi ningelishika.

Akatazama kuta, picha zote zile za maharusi na watoto. "Wewe iko mtu wa bicha," akasema. "Huna bicha yake? Hata moja?" Nikasema sina, na hilo niliamini kwamba ni kweli. Sikuwa nimempiga picha hata siku moja. Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru kwa chai niliyokuwa nikimpa mama yake, maana Hassan alikuwa amemweleza. Akatoka, mguu ukiburuta, akaacha kwa Hassan jina la duka la Eastleigh anakobeba marobota ya nguo.

Jioni nilimwendea Hassan. Nikamuuliza kama alijua yule mzee alikuwa anamngoja mtu.

"Kila mtu najua," akasema. "Hata watoto ya madrasa najua. Anangoja kijana yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama Mwikali, alikaa mlango yako miaka tatu. Nilifikiri wewe najua kushinda mimi." Kisha akaniuliza, "Na alikuwa nalala chumba gani kwako?"

Hassan, mwanangu, alidhani namlaza ndani. Mimi nilidhani analala bulla. Mzee anayeuza kahawa barabarani kwetu alidhani analala kwa Hassan, maana nilimuuliza. Sote tulikuwa watu wa heshima, tukimsalimu asubuhi na kumtakia usiku mwema, na kila mmoja wetu akiwa na mahali alipomlaza kichwani mwake.

Basi nilinyamaza. Ningekueleza nini? Nilikuwa nimechoka, na uchovu ni kitu kizuri sana cha kujifichia, kwa sababu ni wa kweli. Nilitundika picha, nikapokea wateja, nikafunga shuka kwenye kamba kwa pini nne ili lisiruke.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Wewe ulikuwa umemaliza Form Four, umekwama Kitui, barabara zimekatika, nami huku maji yameingia studio mpaka kwenye magoti. Masanduku ya negativu yalikuwa chini. Nilizitoa zote, nikaziosha kwa maji safi kidogo niliyokuwa nayo, nikazianika kwenye kamba ndani ya nyumba nzima, jikoni, juu ya kitanda chako. Siku tisa sikuwa na la kufanya isipokuwa kupita chini ya kamba zile na kuzitazama dirishani moja baada ya nyingine kuona ipi imepona. Na kila niliyoinua, alikuwepo. Vidole. Kiwiko. Upande wa bega. Kisigino. Nilimwambia mtoto wake sina hata moja, na nyumba yangu ilikuwa imejaa yeye. Lakini vipande. Nilitafuta uso, Mwikali. Mwishoni nilikuwa natafuta uso tu, hata usingizini.

Nilimpata siku ya saba, na nilimpata kwako.

Unaijua picha ile ya sebuleni, umevaa sare ya Form One, sanduku la bati miguuni, unacheka umeelekeza macho pembeni. Kila mgeni anauliza unamcheka nani, na wewe mwenyewe ulikuwa unasema hukumbuki. Katika negativu nzima anaonekana. Amesimama kushoto kwako, shuka amelitupia begani kwa sababu siku ile hakukuwa na wa kumsitiri. Amefunga jicho moja na amepinda mdomo upande, kichwa kimeinama kidogo. Nilichukua muda kuelewa anafanya nini. Ananiiga mimi, Mwikali. Ndivyo ninavyofanya nikilenga kamera, wewe umeniambia mara ngapi. Alikuwa ananiiga ili ucheke, na ameniweza mpaka kidevu.

Miaka mitatu nilikaa naye sikujua hata anaitwa nani, naye alikuwa amenitazama kiasi hicho. Halafu nikaenda kwenye chumba cha giza nikamkata. Niliona kwamba anaharibu picha ya mwanangu.

Nililia siku ile kuliko nilivyomlilia baba yako. Nasema kama ilivyokuwa.

Ungedhani kesho yake nilipanda basi kwenda Eastleigh. Sikupanda. Barabara ilikuwa imekatika, hilo lilinisaidia miezi michache. Ilipotengenezwa nikasema nitakwenda baada ya Ramadhani, wateja wakipungua. Nikasema nitamtuma Hassan. Nikasema wewe umerudi, nikuzoeze kazi kwanza. Sababu zote zilikuwa nzuri na sasa ni mwaka mzima na zaidi.

Kwa hiyo ulipoiweka ile picha yako mezani, usidhani mama hakuelewa. Sikuambii usiwapige picha wanaolala barabarani. Wapige. Nairobi utawakuta wengi kuliko hapa, na gazeti litazitaka picha hizo siku moja na kuzichoka siku ya pili, na wewe pia utachoka, nakuambia mapema ili usishangae. Lakini yule wa veranda ya benki nilimwendea juzi. Nilikaa chini kando yake, magoti haya yakilalamika, nikamuuliza jina. Kisha nikamuuliza tena, nikamwomba aliseme polepole, nikalirudia mpaka akaitika kwa kichwa kwamba sasa sawa. Ni mwanamume. Anaitwa Dakane. Nimeliandika nyuma ya picha yako kwa kalamu ya risasi, na picha nimekurudishia ndani ya begi. Utaniwia radhi kwa kuishika bila ruhusa.

Sasa kile kitu. Ndani ya bahasha kuna picha mbili, nimezisafisha jana ulipokwenda kuwaaga wenzako. Zote mbili ni ile ile, wewe na Ayeyo, sijakata popote, hata ule ukingo mweusi wa filamu nimeuacha. Moja ni yako. Ile ya ukutani nimeishusha; ukitazama sebuleni siku utakayorudi utaona msumari mtupu. Ya pili ni ya Bulle. Hassan amekuandikia kwenye karatasi jinsi ya kulifikia duka, na ndugu yake aliyeko huko atakupeleka.

Sikutumi ukaniombee msamaha. Hiyo ni kazi yangu, na nikishapata habari kwamba bado yupo pale, nitaifuata mwenyewe, mwezi ujao, na safari hii nimemwambia Hassan ili nimwonee haya nisipokwenda. Wewe mpelekee tu mama yake. Hana uso wake mahali popote duniani isipokuwa kwenye karatasi hiyo, na ni uso unaocheka.

Ataitazama kwa muda mrefu. Umwache. Kisha nadhani atakuuliza lile swali, nani aliyemwambia, kwa sababu mtu hawezi kuliacha swali kama hilo. Usiseme hujui, Mwikali. Mwambie, "Ni mama yangu."

Mama